Krismasi Chini ya Boriti ya Kati

Lea mwanangu,

Kama dereva ameniheshimu, barua hii amekupa mlipofika Singida mjini, si kabla. Nilimwambia, "Ukimpa njiani atashuka." Akacheka, akadhani natania. Mimi nakujua: ungeshuka hata katikati ya pori, ukarudi kwa miguu na sanduku kichwani. Sasa umeshafika, mvua iko nyuma yako, na mto ule ukishajaa hakuna gari litakalokurudisha huku. Basi nenda Mandewa kwa mama yako mdogo, kwanza ule, ndipo uendelee kusoma.

Naandika mchana, nimekaa jikoni juu ya kinu nilichokilaza, na wewe uko hapo nje unamsuka Anna nywele. Kila nikichungulia unanitupia jicho. Umenuna tangu juzi. Umesema mbele ya wadogo zako kwamba mama anakufukuza, kwamba chuo cha uuguzi kinafunguliwa mwaka mpya ukishaingia, na kwamba hakuna mtoto anayetolewa kwao Krismasi ikiwa mlangoni. Yote ni kweli. Chuo hakijakuita mapema hivi. Mimi ndiye niliyekwenda kwa dereva wa lori la ushirika na jogoo mkononi, nikamwomba akuchukue kesho. Baba yako nimemwambia barabara itakatika. Wewe nimekwambia hivyo hivyo. Itakatika kweli, lakini sababu si hiyo.

Sababu ni boriti ya kati, ile ya chumbani kwa bibi yako, juu ya mkeka wako. Inavunjika, Lea. Naogopa haitaivuka sikukuu hii, na naogopa aliyelala chini yake hataamka. Nimeandika sasa, haya, nimeandika.

Mambo ya sabuni na nguo za ndani na kuamka mapema sitakuandikia. Mama yako mdogo ana mdomo, atakueleza mpaka utafute pa kujificha. Mimi nina la kwangu, nalo siwezi kulisema uso kwa uso kwa sababu ungekataa kuondoka, na baba yako angesikia, tukaanza tena kelele mbele ya watoto.

Unakumbuka wakati wa kupura uwele? Ulikuja hapa hapa jikoni asubuhi, macho mekundu, ukaniambia, "Mama, boriti ya bibi inalia."

Nilikuwa nachambua karanga. Sikuinua hata kichwa. "Panya hao."

"Panya hawalii hivyo, mama. Inakaa kimya, halafu inalia mara moja, halafu inakaa kimya."

"Basi tutaleta paka. Nenda kachote maji, jua limepanda."

Ukaenda. Hukuniuliza tena, kwa kuwa umelelewa vizuri, na nani alikulea hivyo kama si mimi? Lakini siku ile ile nilipokwenda kumwogesha bibi yako nilitazama juu. Nikaona vumbi jekundu la mti limetanda juu ya blanketi lake. Nikalikung'uta. Kesho yake likawapo tena, nikalikung'uta tena. Nimelikung'uta miezi yote hii, Lea. Kila asubuhi nafagia ile nyumba inayotuangukia kidogo kidogo, halafu natoka kwenda kupika uji. Ungeniuliza kwa nini nimenyamaza ningekwambia nina shughuli. Watu wa nyumba hii ni wengi, kila mmoja ana tumbo, na mimi ni mmoja.

Wewe ulikuwa unakua, huenda hukuangalia, lakini zamani kila kiangazi wanaume walipanda juu ya tembe, wakafukua udongo upande mmoja, wakatoa miti iliyochoka na kuweka mipya. Mwaka huu upande wa zizi, mwaka mwingine upande wa jiko. Ndivyo tembe inavyoishi. Nyumba ya udongo haijengwi ikaisha. Kiangazi cha mwaka jana zamu ilikuwa ya chumba cha bibi yako. Ndipo yakaja yale maneno kwamba tutahama wote, twende kijiji kipya barabarani, na kwamba malori yatakuja. Baba yako ni balozi wa nyumba kumi. Alirudi mkutanoni akaliangalia paa, akasema, "Miti ya nini sasa? Tutaijengea kule." Nikaona ana maana. Malori hayakuja mwaka ule. Kiangazi hiki akasema hivyo hivyo, na akaongeza kwamba balozi akionekana anaweka boriti mpya kwenye nyumba ya zamani, watasema anapinga kuhama. Nikamuuliza nani amesema. Akasema hakuna, lakini watasema.

Hakuna aliyesema, Lea. Mpaka leo hakuna. Baba yako aliogopa maneno ambayo hayajatoka kinywani mwa mtu yeyote. Na majirani nao, wakiona balozi hatengenezi, nao wakaacha. Ukipita huku kwetu nyuma ya kilima utaona tembe zote zimebonyea mgongo. Tumekaa kwenye nyumba ambazo tumeshazihama mioyoni, tunasubiri lori.

Sasa nikueleze langu, maana la baba yako limekwisha. Mwezi uliopita, kabla ya mvua za kwanza, mimi ndiye niliyesema tupandishe udongo juu ya paa. Ndivyo tunavyofanya kila mwaka kabla ya Krismasi, nyumba isivuje wageni wakija. Mama yangu alifanya, bibi yako alifanya, mimi nikafanya bila hata kufikiri. Nikawakusanya nyinyi wasichana na wake wa majirani, mkapandisha vikapu tangu asubuhi mpaka jioni mkiimba nyimbo za kwaya, na mimi nimesimama chini na mikono kiunoni nawapigia kelele, "Huko juu ya chumba cha bibi ongezeni, pale huvuja!" Udongo mpya juu ya udongo wa miaka yote, juu ya miti isiyobadilishwa. Wewe ulinitazama kidogo kutoka juu. Ulitaka kusema kitu. Nikakwambia, "Usisimame kama mgeni, mwaga!" Ukamwaga.

Jioni yake mvua ikanyesha, udongo ukanywa maji ukawa mzito, na boriti ikalia hata mimi nikaisikia kutoka jikoni.

Nilimfuata baba yako zizini. Sikumficha kitu. Nilimwambia, "Baba Yona, ile boriti haitafika mwaka mpya."

"Imekaa tangu baba yangu yu hai."

"Ndiyo maana haitafika."

"Mama Yona, hii ni Krismasi yetu ya mwisho hapa. Ndugu zangu wanakuja na wake zao na watoto wao wote. Dada zake Lea wanakuja na wajukuu. Acha watu wale chini ya paa la baba yangu mara moja ya mwisho. Sikukuu ikiisha nitalibomoa mwenyewe."

"Na likiwaangukia wakila?"

Akanigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule. "Usiite balaa nyumbani kwangu."

"Siiti mimi. Inaita yenyewe, nenda kasikilize."

Alikwenda, mwanangu. Usidhani baba yako ni jiwe. Alfajiri nilimkuta amesimama chumbani kwa mama yake, ameweka kiganja ukutani, ametulia tu, anasikiliza. Aliponiona akajifanya anatafuta shoka. Siku hiyo hakula chakula cha mchana. Lakini hakusema kitu, na mimi kwa hasira sikumsemesha, na hivyo ndivyo tulivyopoteza siku nyingine ya jua. Ukija kuolewa, mume akinyamaza kwa woga, wewe usinyamaze kwa kiburi. Mmoja wenu lazima aseme upuuzi wowote ili maneno yaanze. Mimi nilijifunza hilo nikiwa na mvi.

Baadaye nilimtuma kaka yako Yona akate mti wenye panda, tukautegemeza chini ya boriti. Baba yako aliona, akapita. Nilifurahi, nikasema basi, tumeponea hapo. Niliuchora ule mti alama ya mkaa pale chini unapogusana na sakafu, sijui kwa nini nilichora, mkono ulitaka tu. Juzi nimekwenda kutazama, alama haipo. Nikadhani mmeifuta mkifagia. Nikapiga magoti na kuchimbua kwa kidole: alama ipo chini, ndani ya udongo. Ule mti unazama, Lea. Boriti inausukuma kwenye sakafu polepole, na sakafu imelowa.

Ngoja kidogo.

Nimerudi. Mdogo wako Tito alikuwa amefunua mtungi wa togwa na kuingiza mkono mzima mpaka kwapani. Nimemchapa, halafu nimembeba, halafu mwenyewe nimekaa nikacheka peke yangu mpaka machozi. Wewe ulikuwa mlangoni ukauliza, "Mama, kuna nini?" nikasema moshi. Kila kitu mwaka huu ni panya au moshi. Mchele bado sijauchambua, samli haijayeyushwa, nguo za watoto ziko kwa fundi na fundi anasema uzi umekwisha dukani, maksai amechaguliwa lakini kamba imekatika, na udongo mweupe wa kupaka ukuta wa mbele Anna ameuchanganya na majivu. Ndiyo Krismasi hiyo, inakuja haimwulizi mtu.

Nataka nikuhadithie kitu ambacho sijawahi kukuhadithia.

Nikiwa msichana kwetu Kinyangiri nilikuwa na rafiki anaitwa Eliza. Tulichota maji pamoja. Asubuhi moja kisimani akaniambia, "Nyumba yetu inaongea." Nikamcheka. Nikamuuliza inasema nini. Akasema, "Inasema trrr, halafu inanyamaza. Mama amesema tusiwaambie watu, mpaka tumalize mavuno." Nikaenda nikawahadithia wenzangu, tukaifanya mchezo, mmoja anakuwa nyumba anasema trrr, wengine tunaanguka. Tulicheza mchezo huo siku nyingi. Kisha mvua ikaja, na asubuhi tukasikia watu wanapiga yowe upande wa kwao. Baba yangu alikwenda na jembe. Walimtoa Eliza mzima, alikuwa amelala karibu na mlango. Mama yake walimtoa, na mtoto mchanga mgongoni mwake, wote wameshapoa.

Watu walisema mvua, mvua, mvua ya mwaka ule ilikuwa mbaya. Mimi nilimsogelea Eliza pale alipokaa, amefunikwa shuka la watu, uso umejaa udongo. Hakuwa analia. Akaniambia, "Mama alijua. Alikuwa na shughuli."

Nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimesahau mengi. Neno hilo sijalisahau, na bado nimelirudia lile lile kwa mikono yangu miwili. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu aliyeona hatari ya mwenzake akiwa mtoto ndiye huyu huyu aliyekung'uta vumbi kwenye blanketi.

Kwa hiyo nimeamua, na haya baba yako hayajui yote.

Nimekwenda kwa mwinjilisti. Kanisa lina bati, na kuta ni za matofali ya kuchoma. Nikamwambia mwaka huu nataka watoto wote wa ukoo wetu wawe kwenye kwaya ya mkesha, na kwa kuwa mazoezi ni mengi, walale kanisani tangu watakapofika mpaka sikukuu iishe, na mama zao pamoja nao wawaangalie.

Akanitazama juu ya miwani. "Mama Yona, hata wanaonyonya ni wanakwaya?"

"Wana sauti nzuri kuliko wote, mwinjilisti. Njoo uwasikie alfajiri."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza polepole, "Ni boriti?" Nikaitikia kwa kichwa. Maana yake hata yeye alishaona, akipita kumpa bibi yako chakula cha Bwana, na hata yeye alinyamaza kwa heshima ya balozi. Akasema, "Leteni mikeka. Nyasi nitatandika mimi." Mwanangu, nilipotoka pale nililia barabara nzima, na watu wananisalimu naitikia huku nalia.

Wanaume watakula, watakunywa chai yao, watalala nje kwenye banda la ndama, hilo nimelipanga na Yona. Tutakula uani, nitasema ndani kuna joto. Mvua ikinyesha tutakula tumelowa, na watanisema mpaka mwaka mwingine kwamba mke wa balozi hajui kukaribisha watu. Waseme. Baba yako mwenyewe chumba chake kiko upande wa zizi, miti yake ilibadilishwa, kule hakuna neno.

Amebaki bibi yako.

Siku ile ulipokwenda Kiomboi kufuata barua ya chuo, tulimtoa. Sikukwambia. Tulikuwa watu wanne, tulimbeba na mkeka wake, na nyonga yake ile ilivyo unajua mwenyewe, alipiga kelele mpaka mbwa wakakimbia. Tukamlaza hapa jikoni. Akageukia ukuta. Uji hakunywa. Maji hakunywa. Baba yako akapiga magoti pale mlangoni, mtu mzima yule, akasema, "Mama, nakusihi." Bibi yako akamjibu bila kugeuka, "Mnataka kunihamisha mara ngapi? Lori linakuja kunihamisha. Subirini lori. Mimi si ndama wa kusukumwa huku na huku." Ilipofika jioni midomo imemkauka, tukamrudisha. Alipolazwa pale chini ya boriti yake akaomba maziwa.

Ulipotoka Kiomboi ulimkuta anatabasamu, ukasema, "Bibi leo ana raha!"

Sasa unaelewa. Tangu uanze kutembea wewe ndiye uliyelala na bibi. Ndiye unayemgeuza, unayempa maji, unayemwambia habari za shule mpaka analala. Hata ningekwambia ukweli wote usingemwacha, ungesema, "Basi nitakuwa macho, mama." Nakujua. Na kwa desturi yetu ukiondoka wewe mkeka ni wa Anna, ndiye anayekufuata. Tayari ameshaanza kuringa, amehamisha nguo zake. Jana nilimwambia azirudishe. Akauliza kwa nini. Nikamwambia mkeka huo nautaka mimi.

Wamecheka wote. Jirani yetu Mama Elia alicheka mpaka akashika mbavu. Mke akalale chumbani kwa mama mkwe! Ameniuliza mume wangu amenifukuza au mimi ndiye nimemchoka. Nikamwambia vyote viwili. Na ndiyo maana jioni hii nitakutuma ukalale kwake, kando ya barabara, nitasema lori linapita alfajiri. Lori linapita jua likishatoka. Usiku wako wa mwisho nyumbani nimekunyima, nisamehe, sikutaka ulale pale hata mara moja zaidi. Jana ulipolala pale mimi nilikaa mlangoni na taa, ukaamka ukanikuta ukadhani naumwa na jino.

Najua utauliza, mama, kwa nini wewe? Kwa nini umwache Yona, umwache baba, ukae wewe? Wanaume hawawezi kumgeuza mama yao na kumsafisha, hilo la kwanza. La pili ni langu na bibi yako.

Krismasi yangu ya kwanza katika nyumba hii nilikuwa mwali, sijazoea hata majina ya watu. Marehemu baba mkwe alikuwa ameleta mchele, akasema bibi harusi ndiye atakayepika. Kwetu mchele niliuona, sikuwahi kuupika, na sufuria lile lingetosha kuogeshea ndama. Nilipika ugali wa mchele, mwanangu. Chini umeungua, juu mbichi, katikati gundi. Wageni wamejaa uani, mashemeji wanagonga sahani. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi. Bibi yako akaingia, akaonja, akanitazama. Wakati huo alikuwa mkali, sote tulimwogopa. Akachukua sufuria mwenyewe, akatoka nalo, akasema kwa sauti mbele ya ukoo mzima, "Leo nimewaharibia. Nilimwambia mtoto akae nipike mimi, na macho yangu haya hayaoni tena." Walimcheka yeye miaka na miaka. Mpaka leo shemeji zangu wakija Krismasi humtania kwa ule mchele, na yeye hucheka nao. Hajawahi kuniambia neno. Hata nikiwa nimemkosea, hata tukigombana, hajawahi kunirudishia.

Basi mtu huyo siwezi kumwacha alale peke yake chini ya udongo niliompandishia mimi.

Usimchukie baba yako. Naomba sana. Nimemwandika hapa kwa hasira lakini ni mtu mwema aliyepewa cheo kidogo na woga mkubwa. Jana jioni nimemkuta nyuma ya nyumba anachonga boriti mpya. Amechagua mti mzuri, mninga, amewaambia watu ni wa nyumba ya kijiji kipya. Anachonga haraka haraka. Hatamaliza kabla ya Krismasi, hauwezi kuinuliwa na mtu mmoja, na udongo sasa umelowa, ukigusa upande mmoja wote unashuka. Anajua hayo yote na bado anachonga. Nilimletea maji, akanywa, akasema, "Mama Yona, laiti mvua ingengoja." Ni neno la kwanza la kweli alilosema tangu kiangazi. Nikakaa karibu naye mpaka giza likaingia.

Unakwenda kuwa muuguzi. Mimi sijui kazi yenyewe, sindano naziogopa. Lakini kuna mtu atakuja kwako siku moja, mtoto au mzee, atakwambia, "Dada, nasikia kitu hapa." Utakuwa na wagonjwa wengi, miguu inauma, chakula hujala. Nakuomba umtazame. Usimwambie ni panya. Hata kama huna dawa, hata kama huna la kufanya, mwambie, "Nimesikia." Nadhani ungeepukana na hofu ya usiku baada ya usiku kama mama yako angekwambia hivyo tu wakati wa kupura uwele.

Na mtu akikuona una shughuli nyingi akakusifu, wewe jiulize shughuli hizo unamkimbia nani. Mimi nimesifiwa sana.

Jua linashuka. Wingu limesimama upande wa Sekenke, jeusi, na upepo umegeuka unatoka huko. Umemaliza kumsuka Anna, unaniita, unauliza kama ufunge karanga kwenye kitambaa au kwenye kikapu. Sauti yako imelainika kidogo. Nitatoka, nitakwambia kikapu, nitakugombeza kwa kitu chochote ili nisikushike nikashindwa kukuachia. Kesho ukinipungia mkono juu ya lori nami nikageuka upesi, sasa unajua.

Usirudi. Hata ukiota nini, hata mama yako mdogo akilia. Kula Krismasi yako Mandewa, mwaka mpya uende chuoni. Moyo wangu utatulia nikijua kuna mmoja ambaye hayuko chini ya kitu hiki.

Sikukuu ikipita na mto ukipungua, mtu ataleta barua kutoka nyumbani. Kabla hujaifungua, tazama juu ya bahasha. Ukiona herufi hizi zangu za kisomo cha watu wazima, kubwa, zinapanda mlima, ifungue hapo hapo, soma kwa sauti, ucheke, maana nitakuwa nimekuandikia nani alikula sana. Ukiona mwandiko wa baba yako, usiifungue umesimama. Mwite mama yako mdogo. Kaeni chini nyote wawili, mshikane mikono, ndipo mfungue.

Ni mimi, mama yako.